Shajara ya mradi: kadi za nomino za Kiingereza, Bagamoyo

Machi, kabla ya masika

Mradi wenyewe ni seti ya kadi za kushika mkononi. Kila kadi ina nomino moja ya Kiingereza: mbele picha na umoja wake, nyuma wingi wake na sentensi moja fupi. Watakaozitumia ni kundi letu la jioni hapa Mji Mkongwe: vijana wanaotembeza wageni kwenye magofu ya Kaole na Barabara ya India, dada wawili wa batiki, fundi seremala wa milango ya nakshi, na kijana wa boti anayepeleka watu kwenye fungu la mchanga maji yakitoka. Wote wamepita shuleni na Kiingereza wanakisikia kila siku. Kinachowakwamisha ni wingi wa majina ya vitu.

Sijaanzia kwenye kitabu cha sarufi. Vitabu vingi hukimbilia panya, bata bukini na maksai: mouse na mice, goose na geese, ox na oxen. Ni maneno ya kweli, lakini katika pwani hii hakuna mgeni anayeuliza habari za bata bukini. Badala yake nimewaomba vijana wa utalii wanielezee mji kama wanavyomweleza mgeni, kwa Kiingereza, nami naandika kila nomino inayopita.

Orodha iliyopatikana ni tamu kuliko nilivyotegemea. Ruins, mosques, tombs, ivory, slaves, chains, cloth, beads, porters, customs, remains, missionaries, people, fish, reef. Mwongoza watalii wa Bagamoyo hawezi kumaliza maelezo yake ya dakika ishirini bila kukanyaga karibu kila aina ya wingi iliyomo katika Kiingereza.

Machi, rangi za kadi

Shuleni tulifundishwa aina kwa majina yake: za pekee, za kawaida, za jamii, dhahania, za wingi. Mgawanyo huo una kazi yake, hasa nomino za pekee, maana Kaole na Zanzibar hazina haja ya wingi kabisa. Ila kwa mtu anayetaka kujua aandike s au asiandike, haumfikishi mbali. "Idea" ni dhahania, na wingi wake ni "ideas" bila wasiwasi. "Advice" nayo ni dhahania, na haina wingi. Jina la aina halikwambii lolote.

Kwa hiyo nimepanga kwa tabia. Manila nyeupe kwa zile zinazoongezewa s au es na basi. Njano kwa zinazobadilika tumboni, kama foot na feet, au zenye mwisho wa kizamani, kama child na children. Kijani kwa zisizobadilika: sheep, fish, aircraft, species. Buluu kwa zisizohesabika. Nyekundu kwa zinazoishi katika wingi siku zote, kama scissors na trousers. Aina ya shuleni nimeiandika kwa herufi ndogo pembeni, kwa anayejiandaa na mtihani.

Kadi za njano ni chache kuliko watu wanavyodhani. Zinazobadilisha irabu katikati, ukiacha zile zilizounganishwa nazo kama fisherman na fishermen, ni saba tu: man, woman, foot, tooth, goose, mouse, louse. Asili yake ni ya kale. Katika lugha ya kale iliyokizaa Kiingereza wingi wa maneno haya ulikuwa na sauti ya i mwishoni. Sauti hiyo ikaivuta irabu ya katikati, kisha yenyewe ikadondoka. Mvutano ukabaki bila mvutaji. Kundi lilipenda hadithi hiyo, na maneno yenyewe walikuwa wanayajua tayari. Kilichobaki ni kuwaambia kwamba women hutamkwa "wimin", kisha tukayaacha.

Aprili, mvua inapiga, baraza limejaa

Hapa ndipo penye kiini cha mradi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nimekuwa nikikusanya makosa ya kundi na kuyapanga. Yanakwenda njia mbili zinazopingana. Upande mmoja, s inasahaulika pale inapotakiwa: "two house", "many boat". Upande mwingine, s inawekwa pasipotakiwa: "informations", "luggages", "equipments", "her hairs". Walimu wengi huyaweka yote kapu moja na kuyaita uzembe. Mimi naona ngeli zinafanya kazi chini kwa chini.

Kiswahili huweka wingi mbele ya neno, kisha kila neno linalolihusu linavaa vazi lilelile, kama wanawake wa harusi walioshona kanga za sare. Milango yangu mizuri ile imeuzwa. Huwezi kukosea, maana wingi umetangazwa kila hatua. Kiingereza huuweka nyuma, kwenye kisauti kimoja chembamba, na sifa zinazoizunguka nomino hazijali: my good old doors. My, good na old hazina habari kama mlango ni mmoja au kumi. Sikio letu lililozoea kutangaziwa linakipitia kile kisauti bila kukisikia.

Halafu kuna ngeli ya nyumba, kalamu, meza, ndizi, ambayo nomino yenyewe haibadiliki. Nyumba moja, nyumba mbili. Nimeona mtu yuleyule akisema "two chairs" bila kufikiri, kwa kuwa kiti na viti vimemzoesha kubadilisha, kisha akasema "two house" sentensi inayofuata. Sidai kwamba ni sheria. Lakini kadi za maneno ambayo kwa Kiswahili hayabadiliki nimezitia alama ya nyota, na zinarudiwa mara nyingi zaidi.

Upande wa pili ndio wenye utajiri. Mizigo, vifaa, samani, nywele, habari: kwa Kiswahili hivi vinahesabika au vimekwisha kuvaa wingi. Kiingereza kinavitazama kama kitu kimoja kisicho na mipaka: luggage, equipment, furniture, hair, information. Mgeni akishuka na masanduku matatu ana three suitcases, lakini luggage yake ni luggage tu. Ukitaka kuhesabu, unaingiza neno la kupimia: a piece of luggage, two pieces of information.

Dada mmoja wa batiki akasema hilo la kupimia ni usumbufu wa bure. Nikamuuliza yeye sabuni huinunuaje. "Mche," akasema. Kitambaa? "Jora." Kanga? "Doti." Ndizi? "Mkungu, au chane." Hapo akacheka mwenyewe. A bar of soap ni mche wa sabuni, a roll of cloth ni jora la kitambaa, a bunch of bananas ni mkungu wa ndizi, a grain of rice ni punje ya mchele. Biashara yote ya pwani imesimama juu ya maneno hayo. Kadi za buluu sasa zina neno la kupimia nyuma, na pembeni yake la kwetu, na ndizo kadi zinazogombewa.

Kuna msaada mwingine ndani ya Kiswahili ambao sijauona ukitumika shuleni. Nomino za u zenye maana ya hali au tendo, kama uhuru, umaskini, ushauri, uvumilivu, hazina wingi kwetu pia. Wenzake wa Kiingereza mara nyingi wako vilevile: freedom katika maana yake ya jumla, poverty, advice, patience. Ukishika kwamba husemi "maushauri", "advices" haitakutoka. Tahadhari ni kwamba u ya ukuta, ubao na ufunguo haimo. Hizo ni vitu vya kushika na zina kuta, mbao na funguo zake, na Kiingereza nacho huzihesabu: walls, boards, keys.

Na maji? Maji haya, mafuta haya, maziwa haya, matope haya. Vazi ni la wingi, kitu hakihesabiki. Water, oil, milk, mud, zote buluu. Machozi ndiyo yanatoroka: tears, s kabisa, na unaweza kumwaga moja.

Aprili, sauti

Siku fupi. S ya wingi ina sauti tatu. Baada ya sauti isiyotikisa koo ni s: boats, maps, na mosques, ambayo hutamkwa "mosks" licha ya herufi zote zile. Baada ya sauti inayotikisa koo ni z: dhows, beads, tombs, na hapo b haitamkwi, ni "tuumz". Baada ya sauti za mruzi kama s, sh na ch huongezwa irabu: beaches, churches, boxes. Sikio la Mswahili lina mtaji hapa, kwa sababu sana na zana hazichanganywi na mtu. Tabu yetu ni kutaka kumalizia kila neno kwa irabu, na dawa yake ni kusema mara nyingi, si kueleza.

Mei, sokoni ufukweni

Kadi za samaki zimetengenezewa sokoni. Fish ni kijani: one fish, ten fish. "Fishes" ipo, na wataalamu huitumia wanapozungumzia aina mbalimbali za samaki, lakini anayemhesabia mgeni walio kwenye ndoo aseme fish. Prawns, crabs na lobsters huchukua s kama kawaida. Squid akiwa chakula mara nyingi hubaki squid. Dagaa ambao hakuna mchuuzi anayekaa kuwahesabu, Kiingereza kimewapa s: sardines, anchovies. Maharage kadhalika, beans. Mchele hapana, rice. Ukitafuta mantiki ya ukubwa wa punje utaumwa kichwa.

Pweza alileta ubishi mkubwa. Kijana mmoja alishikilia kwamba wingi ni "octopi", kwa kuwa amemsikia mgeni akisema hivyo kwa kujiamini. Umbo hilo limetokana na kufananisha neno na maneno ya Kilatini ya us, kama fungus na fungi. Lakini octopus asili yake ni Kigiriki, miguu minane, na Kigiriki chake kingetoa "octopodes", neno utakalolikuta kwa watu wachache wanaopenda kuonyesha. Kadi inasema octopuses. Octopi imo kwenye kamusi nyingi na mgeni hatasahihishwa na sisi. Tunachagua tu tutakachosema.

Mei, paa na majani

Maneno ya f nilitaka kuyaruka. Mapaa ya makuti yakanizuia. Mwongozaji anasema: roofs made of palm leaves. Ndani ya maneno matano, f moja imebaki na nyingine imegeuka v. Leaf, loaf, knife, wife, thief, shelf hugeuka: leaves, loaves, knives, wives, thieves, shelves. Reef, chief, cliff, belief hazigeuki: reefs, chiefs, cliffs, beliefs. Katika Kiingereza cha kale f iliyokaa kati ya irabu mbili ilisikika kama v, na wingi ulikuwa na irabu mwishoni, ndiyo sababu ya leaves. Chief na reef ziliingia baadaye kutoka nje, wakati kawaida hiyo imeshapoa. Roof ni neno la kale na ilistahili kugeuka, lakini imejiunga na wageni.

Mtu wa boti anahitaji reefs kuliko hizo zote. Kadi yake iko juu.

Huyohuyo alikuwa na tatizo jingine la s. "The boats leaves", "the boat leave." Kiingereza katika wakati uliopo hutia s kwenye kitenzi mtendaji akiwa mmoja, na kwenye nomino wakiwa wengi. Basi kwa nomino za kawaida s huwa moja tu, ama kwa nomino ama kwa kitenzi: the boat leaves, the boats leave. Ameichukua. Kisha akagundua kwamba leaves hii na leaves ya makuti zinaandikwa sawa, akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyepanga.

Juni, upepo wa kusi, wageni wameanza

Kadi nyekundu zimeshinda zote kwa hadithi, na sababu ni mji wenyewe.

Kituo cha wamisionari Wakatoliki kilianzishwa hapa mwaka 1868. David Livingstone, mmisionari na msafiri kutoka Uskoti, alifariki mwaka 1873 bara, katika nchi ambayo leo ni Zambia, na mwili wake ukabebwa na kundi la watu, watumishi wake Chuma na Susi wakiwa mbele, hadi kufika hapa Februari 1874, kisha ukasafirishwa kwenda kuzikwa London. Mwongozaji anapolisimulia hilo husema "his remains were carried". Remains, mabaki ya mwili, daima wingi, na kitenzi chake were. "His remain was" ndilo kosa nililolisikia zaidi mnarani, pale mwili wake ulipolazwa. Ruins za Kaole nazo huzoea wingi hata pale unapoonyesha sehemu moja. Ruin ya peke yake ipo, ila mara nyingi ina maana ya maangamizi.

Customs ni nzuri zaidi. Custom ni mila, customs ni mila nyingi, na Customs ni forodha. Hapa pana jengo la forodha la zamani karibu na ufukwe, na mwongozaji anaweza kuliita "the customs house" au "the custom house", yote mawili ni sahihi. Cloth nayo ina ndugu wa kuchanganya. Kitambaa kama bidhaa, ile merikani iliyokuwa ikibebwa na misafara kwenda Ujiji, ni cloth, buluu. Cloths ni vitambaa vya kufutia meza. Clothes ni nguo za kuvaa, nyekundu, na hutamkwa kwa pumzi moja. Dada wa batiki wanauza cloth, na wakishona, wanauza clothes. Bei hazilingani.

Na ivory. Kijana aliyekuwa akisema "elephant horns" alikuwa anatafsiri pembe moja kwa moja. Meno ya ndovu ni tusks, yanahesabika, mpagazi mmoja jino moja. Ivory ni ile mali yenyewe, haihesabiki. Horns ni za ng'ombe na swala. Sentensi niliyoiweka nyuma ya kadi: "Porters carried tusks, merchants sold ivory." Wingi, wingi, wingi, na mmoja asiyehesabika. Watumwa walipita njia hiyohiyo, na slaves ina s ya kawaida kabisa. Vijana wawili sasa husema "enslaved people". Nimeiongeza kadi ya people upande wa kijani ingawa haistahili sana kukaa hapo: inaonekana umoja, kitenzi chake ni cha wingi. Police vilevile, na kwetu pia polisi kwa jumla wamefika, si amefika, kwa hiyo hiyo haikutupa taabu.

Suruali, mkasi, miwani: kwetu kimoja, kwao trousers, scissors, glasses, na ukitaka kuhesabu unasema a pair of. News ni kinyume chake: ina s na ni umoja. The news is good. Measles, surua, hivyo hivyo.

Juni, seremala

Fundi wa milango hakuja jioni nyingi, na alipokuja alisema wateja wake wanamwelewa hata akisema "furnitures". Ana haki. Mgeni aliyekwisha kupenda mlango haachi kununua kwa sababu ya s. Lakini anaandika makadirio ya bei kwa wenye hoteli, na huko karatasi inasomwa na watu ambao hawajamwona akishika patasi. Tumekubaliana atumie kadi za kuandika tu, za kusema aziache. Nimemwandalia furniture, wood, work, glass na paper, kila moja na ndugu yake: wood ni mbao kama mali, woods ni msitu, work ni kazi, works ni kazi za sanaa, glass ni kioo, glasses ni bilauri au miwani. Timber nimeiweka upande wa buluu na yeye akataka kuandikiwa "pieces of timber" kwa herufi kubwa, maana ndiyo anayohesabia hasara.

Yeye ndiye aliyeuliza Waingereza wanapata wapi ujasiri wa kubadilisha maneno hovyo. Nikamwambia habari ya njegere. Zamani "pease" ilikuwa jina la chakula chote, haihesabiki. Watu wakaisikia ile s ya mwisho wakadhani ni ya wingi, wakaikata, wakapata pea. Akajibu kwamba sisi tumefanya zaidi: Mwarabu alikuja na kitab yake, tukaona ki mbele, tukatoa vitabu. Na madereva wametoa viplefti kutoka kwenye kibao cha barabarani cha Kiingereza, "Keep Left".

Julai, hali ilivyo

Kadi nyeupe zimechakaa pembeni na nyingi tumeziweka kando, kwa sababu hakuna anayezihitaji tena isipokuwa zenye nyota. Kadi za y zimebaki: story na stories, ferry na ferries, lakini donkey na donkeys kwa kuwa kuna irabu kabla ya y. Za o pia, maana tomatoes na photos bado zinagombanisha watu, na mango inakubali yote mawili.

Zinazosubiri kuchorwa ni nomino zilizounganishwa. Mother-in-law hupata s yake katikati, mothers-in-law, ilhali kwetu ni mama wakwe, wingi ukitangazwa kwenye wakwe. Passers-by hivyohivyo. Dada wa batiki wanazitaka, wanasema wageni hununua zawadi za wakwe. Kijana wa boti anataka seti nzima ya maneno ya bahari: tide, current, sail, anchor, life jacket. Ya mwisho ni life jackets, si "lives jackets", nimeshaliandika kwenye daftari. Karatasi za manila za buluu zimeisha dukani, nitaanza na nyeupe nizipake.